Kujiundia vipuri vya modeli ya baipleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Juu ya kabati la sebuleni kwangu, hapa Tanga, kuna modeli ya Gipsy Moth, ndege ndogo ya Kiingereza ya zamani, ya skeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko ndege halisi. Hakuna hata kipande chake kimoja kilichotoka kwenye boksi la kiwandani. Kila mgeni anayeingia huuliza, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na ya wale walioanza kuunda za kwao wakakwama njiani. Sikuyapanga kwa utaratibu wowote wa maana, kwa hiyo ruka hadi lile linalokuhusu.

Baipleni ndiyo ndege gani?

Ni ndege yenye bawa moja juu ya jingine, yameshikanishwa kwa nguzo na kukazwa kwa waya. Wengine husema "ndege ya mabawa mawili", lakini hata ndege ya abiria ya leo ina mabawa mawili, la kushoto na la kulia, ndiyo maana nimeshika neno baipleni.

Kwa nini ulichagua Gipsy Moth na si ndege ya vita?

Kwanza, ni rahisi. Kila upande una jozi moja tu ya nguzo za kati ya mabawa, na kiwiliwili chake ni boksi la plaiwudi lenye pande zilizonyooka. Anayeanza na ndege yenye kiwiliwili cha mviringo hutumia mwezi mzima kupiga msasa kabla hajaona kitu kinachofanana na ndege.

Pili, iliruka huku kwetu. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth. Uwanja wa Wilson unaoujua ndio uliobeba jina lake. Mwindaji Denys Finch Hatton naye alianguka na Gipsy Moth yake, yenye usajili G-ABAK, pale Voi tarehe 14 Mei 1931, akafa pamoja na Kamau, mtumishi wake. Ukiiunda ndege hii unaunda kitu ambacho babu wa mtu pale Voi alikitazama angani.

Tatu, picha zake ni tele. Ile ya rubani wa Kiingereza Amy Johnson, aliyoipa jina la Jason, G-AAAH, ndiyo aliyoruka nayo kutoka Croydon, Uingereza, hadi Darwin, Australia, kati ya tarehe 5 na 24 Mei 1930. Leo imetundikwa katika jumba la makumbusho la sayansi, Science Museum, jijini London. Watu wameipiga picha kutoka kila upande, hata tumboni.

Skeli ipi inafaa?

Mabawa ya Gipsy Moth halisi yana upana wa mita 9.14 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa ndege ni mita 7.29. Kwa skeli ya 1/72 unapata upana wa milimita 127. Kwa 1/48 ni milimita 190, na kwa 1/24 ni milimita 381. Ya 1/72 inakaa kiganjani, lakini kipuri chake utakitafuta sakafuni kwa tochi. Mimi nilichagua 1/24 kwa sababu ya macho yangu. Lakini skeli kubwa ina deni lake: kila kitu ambacho kwenye ndogo ungekisingizia kwa tone la rangi, kwenye kubwa lazima kiwepo kweli.

Na kwa asiye na nafasi: Gipsy Moth hukunja mabawa kuelekea nyuma, ikabaki na upana wa takriban mita 3. Ilifanywa hivyo ili iingie kwenye banda la kawaida. Ukiiunda ikiwa imekunjwa, ya 1/24 inapita kwenye rafu ya vitabu.

Mbona modeli yangu inaonekana kama ya kuchezea watoto, na vipimo vyote nimevifuata?

Umefuata urefu na upana. Unene umeusahau.

Hili ndilo jambo ninalorudia kwa kila mtu hadi wananichoka. Kwenye skeli ya 1/24, milimita moja ya modeli ni milimita 24 za ndege halisi. Chukua kadi ile unayochomolea laini ya simu: ina unene wa milimita 0.76. Ukiitengenezea ukuta wa tundu la rubani, umejenga ukuta wa milimita 18, unene wa mlango wa kabati. Wakati ndege halisi ilikuwa na plaiwudi ya milimita chache tu! Karatasi ya kawaida ya printa ina milimita 0.1, yaani milimita 2.4 kwenye ndege halisi, na hiyo ndiyo inayokaribia ukweli. Jicho la mtazamaji halina rula, halitajua kwamba bawa lako limepungua milimita mbili. Lakini ukingo mnene litauona kutoka mlangoni.

Si lazima kipuri chote kiwe chembamba, maana kitavunjika. Kinachotakiwa ni ukingo unaoonekana. Ukuta wa tundu la rubani uchonge kwa ndani, kwa mshazari, hadi ukingo wa juu ubaki kama karatasi. Ukingo wa nyuma wa bawa upige msasa kwa chini hadi ukiuelekeza kwenye dirisha uone mwanga unapenya. Bati la kufunika injini likate kwenye kopo la soda, ambalo ukuta wake ni kama milimita 0.1. Linakunjwa kwa vidole, na halihitaji kuchongwa.

Kabla ya kukata kipuri chochote, zidisha unene wa malighafi yako kwa 24, au 48, au skeli yoyote uliyo nayo, kisha jiulize kama kitu hicho kinaweza kuruka.

Plastiki ya kuundia naipata wapi? Duka la modeli halipo mji wetu.

Hata huku halipo. Vyanzo vyangu ni hivi.

Kwa wachora mabango. Waombe mabaki ya shiti nyeupe wanazobandikia matangazo. Baadhi ni plastiki ngumu inayokatika vizuri, na nyingine ni zile nyepesi zenye povu ndani. Za povu zinafaa kwa kiini cha kiwiliwili lakini hazipokei ukingo mwembamba. Wengi wao watakupa bure, hasa ukiwaonyesha picha ya unachounda.

Vikopo vya mtindi na vifuniko vya vikombe vya kahawa. Geuza utazame alama ya pembetatu chini. Namba 6 ni polistirini, plastiki ile ile ya modeli za kiwandani, na inashika gundi zote. Namba 5 achana nayo, kwani hakuna gundi ya nyumbani itakayoishika, utalia bure.

Kadi za laini za simu, kwa sehemu za ndani zisizoonekana. Vijiti vya mshikaki, kwa mihimili ya bawa na kwa nguzo. Na duka la dawa, ambalo nitalieleza kwenye injini na waya.

Michoro ya vipimo ninayo lakini vipande havilingani. Kosa liko wapi?

Mara tisa kati ya kumi kosa liko kwenye printa. Kompyuta hupenda kupunguza ukurasa kidogo ili uingie kwenye karatasi, na haikuambii. Weka asilimia 100, na kama mchoro wako ni wa 1/72 na unataka 1/24, weka 300 kamili. Kwa 1/48 weka 150. Ukishaprinti, pima kitu kimoja unachokijua. Kwa Gipsy Moth ya 1/24, ncha hadi ncha ya bawa la juu isome milimita 381. Ikisoma 369, chana karatasi hiyo papo hapo. Mimi niliwahi kuiweka "nitairekebisha baadaye", na mabawa yangu ya kwanza yakawa madogo kuliko kiwiliwili. Yapo bado, mwanangu anayachezea.

Mabawa yenye mbinuko unayapindaje bila mashine?

Hapa ndipo kwenye kazi, acha nielekeze taratibu.

Bawa la baipleni si ubao bapa. Juu limebinuka, chini limeingia ndani kidogo, na halina unene wa bawa la ndege ya leo. Kata ngozi mbili za plastiki ya nusu milimita kwa kila bawa, moja ya juu na moja ya chini. Ya juu iwe pana zaidi kwa milimita mbili au tatu, kwa sababu ikibinuka itapungua.

Tafuta kipande cha bomba la maji taka la inchi nne. Ifunge ngozi ya juu kwenye bomba kwa utepe wa karatasi, ukingo wa mbele uwe sambamba kabisa na bomba. Ikikaa mshazari hata kidogo, bawa litatoka limejisokota kama utambi. Weka bomba kwenye beseni, mimina maji yanayochemka juu yake polepole, kisha mimina maji baridi. Fungua. Plastiki imeshika umbo.

Kwa mlioko Nairobi: maji yenu huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100 kama huku pwani, kwa ajili ya mwinuko. Nilikaa siku mbili kwa shemeji yangu huko nikishangaa plastiki inayogoma kupinda. Mimina mara mbili au tatu, au zamisha bomba lote kwenye sufuria. Ila usitumie moto wa wazi. Plastiki haina subira, inakaa kimya halafu inasinyaa yote kwa mkupuo.

Kati ya ngozi mbili weka mihimili miwili ya kijiti cha mshikaki, kilichopigwa msasa hadi kikawa bapa. Mihimili hii ndiyo itakayoshika nguzo na waya, kwa hiyo iweke penye mashimo ya nguzo kwenye mchoro. Gandisha kwa gundi inayoyeyusha plastiki, lakini acha ncha za bawa wazi kwa siku mbili. Mvuke wa gundi ukifungiwa ndani hulainisha ngozi kutoka ndani, na baada ya wiki bawa linakuwa na mabonde. Hili halisemwi sana, nami nililijua kwa hasara.

Mbavu sasa. Ndege halisi ilivikwa kitambaa kilichopakwa dopu, aina ya vanishi ya kukaza kitambaa, hadi kikakaza kama ngoma, na juu ya kila ubavu ikabandikwa tepe ya kitambaa. Watu hupenda kuchonga mabonde makubwa kati ya mbavu kama paa la bati. Si kweli hata kidogo! Kata vipande vya utepe wa karatasi vya upana wa milimita moja na robo, bandika juu ya kila ubavu, pulizia rangi ya msingi mara tatu, piga msasa laini kati ya kila mkono. Kinachobaki ni kivuli tu. Kivuli hicho kinatosha.

Na jambo la mwisho la mabawa: yaunde yote manne kwa pamoja, hatua kwa hatua. Ukimaliza la kushoto ndipo uanze la kulia, mkono wako utakuwa umeshajifunza, na la pili litatoka zuri kuliko la kwanza. Hutaki hilo. Unataka yafanane hata kama yote ni mabaya.

Nguzo nazifanyaje zilingane urefu?

Usikate moja moja. Unda fito moja ndefu, ichonge hivi kwamba ukiikata, uso wa mkato uwe na umbo la tone la maji, mviringo mbele na mkia mwembamba nyuma. Kisha gandisha vizuizi viwili vya plastiki kwenye kipande cha kioo, umbali kati yao ukiwa urefu wa nguzo. Kila kipande kinaingia kati ya vizuizi, ncha inasuguliwa kwa tupa hadi kiingie bila kubanwa. Hicho ndicho fundi seremala anachokiita kalibu. Nusu saa ya kuunda kalibu hukuokolea jioni tatu.

Kwenye kila ncha ya nguzo toboa shimo dogo na uingize kipande cha waya wa shaba. Gundi peke yake haishiki nguzo, kwani waya za mabawa zitakapokazwa zitaing'oa.

Bawa la juu linakaa upande. Nifanye nini?

Ling'oe. Najua inauma.

Kisha kata kalibu ya boksi gumu kwa kufuata mchoro wa mbele wa ndege, yenye mwinuko wa mabawa yote mawili. Bawa la chini linalala juu ya kalibu, bawa la juu linalala juu ya sehemu yake ya juu, na nguzo zinaingia mwishoni, bila kubeba chochote hadi gundi ikauke. Wengi hufanya kinyume: wanasimamisha nguzo, kisha wanataka bawa lijishikilie juu yake kama paa juu ya miti.

Injini yenye mapezi madogo madogo inawezekana kweli kwa mkono?

Injini ya Gipsy I ilikuwa ya nguvu farasi 100, ikipozwa kwa hewa, silinda nne zikiwa zimesimama kwenye mstari mmoja, na vichwa vyake vinachungulia juu ya bati la pua. Huwezi kuificha.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa boliti ya M6. Niliona nyuzi zake zinafanana na mapezi, nikakata vipande vinne nikajisifu. Vilipokaa kwenye ndege, kila aliyeviona alisema "umeweka boliti". Nyuzi za M6 zimeachana milimita moja, yaani milimita 24 kwa ndege halisi. Tatizo ni lile lile la unene, na mimi ndiye ninayewahubiria wengine.

Njia iliyofaa ilitoka kwa fundi wa feni wa mtaani. Nilimwomba koili iliyoungua, akanipa bonge la waya wa shaba wa milimita 0.3. Huo kwa 1/24 ni kama milimita 7, na unakaribia. Nilichukua kijiti cha mviringo cha plastiki, nikafunga ncha moja ya waya kwenye kishikio cha keekee ya mkono, nikauzungusha kijiti polepole huku kidole gumba kikiusukuma waya ukae bega kwa bega na mwenziwe. Urefu wa kidole kizima. Kisha nikalowesha yote kwa supagluu nyepesi, ile ya maji, ikapenya yenyewe kati ya nyuzi. Siku ya pili nikaukata mzingo huo vipande vinne kwa msumeno wa meno madogo. Nilipopaka rangi nyeusi na kuifuta juu juu kwa kitambaa, shaba ikang'aa kwenye migongo ya mapezi na weusi ukabaki mabondeni. Nilikaa nikizitazama silinda hizo hadi chai ikapoa.

Fito ndogo za kusukuma vali nilizipata duka la dawa. Sindano mpya za bomba ni mirija ya chuma isiyoshika kutu, na rangi ya kitako inakuambia kipenyo: kijani ni milimita 0.8, buluu 0.6, rangi ya chungwa 0.5, kijivu 0.4. Muuzaji alinitazama kwa jicho la kando niliponunua za aina nne kwa mpigo, ikabidi nimwonyeshe picha ya ndege kwenye simu. Ncha kali ikate kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na uitupe kwenye chupa yenye kifuniko, si kwenye taka za nyumbani.

Bomba la moshi lipinde kwa risasi ya kulehemu nene. Haina ubishi, inapinda kokote. Toboa ncha yake kidogo ili ionekane ina uwazi, maana bomba la moshi lililozibwa linachekesha.

Waya za mabawa: uzi gani?

Kwanza zijue kazi zake, ndipo hutazichanganya. Kuna za kupaa, zinazotoka kwenye mzizi wa bawa la chini kwenda juu hadi karibu na ncha ya bawa la juu. Hizo huzuia mabawa yasiinuke ndege ikiwa hewani. Na kuna za kutua, zinazotoka katikati ya bawa la juu kushuka hadi bawa la chini kwa nje, zinazobeba uzito wa mabawa ndege ikiwa chini. Ukielewa hilo, hata picha yenye ukungu utaisoma.

Kwa 1/72 na 1/48 hakuna kinachoshinda nywele bandia za kusukia rasta. Nyembamba, imara, nyeusi tayari, na pakiti moja inatosha ndege hamsini. Kwa 1/24 ni nyembamba mno. Tumia mshipi wa kuvulia wa milimita 0.2, ambao kwa ndege halisi ni kama milimita 5. Waya halisi za ndege za Kiingereza za wakati ule hazikuwa za mviringo, zilikuwa bapa ili zikate upepo. Mwenye bidii anaweza kuulaza waya laini wa shaba juu ya kioo na kuusukumia rula ya chuma juu yake hadi ubapatike. Nimefanya hivyo kwa waya za kupaa tu, zile zinazokutana na jicho kwanza.

Toboa mashimo kabla ya kupaka rangi. Gandisha uzi kwenye bawa la juu likiwa bado pembeni, acha nyuzi zining'inie kama ndevu, kisha bawa likishakaa zipitishe kwenye mashimo ya bawa la chini. Kila uzi uvute kwa kuning'iniza kibanio cha nguo, tia tone la supagluu kwa ncha ya sindano, subiri, kata. Fanya wa kushoto kisha wa kulia, zamu kwa zamu. Anayemaliza upande mmoja wote kwanza hulivuta bawa likajipinda, na hakuna kurudi nyuma.

Vile vikazio vidogo vya kwenye ncha za waya ni vipande vya sindano ya chungwa, urefu wa milimita mbili, vinavyovishwa kwenye uzi kabla ya kugandishwa. Kabla ya kukata mrija ingiza waya ndani yake, la sivyo utabanika ukazibika.

Panga boi la mbao nachonga kwa mti gani?

Kamusi zinaliita rafadha, lakini mtaani ni panga boi, sawa na la feni. La ndege halisi lilikuwa la mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, kwa hiyo nawe gandisha vibanzi vyembamba vya mninga na msonobari kwa zamu. Ukichonga, mistari ya tabaka itajitokeza yenyewe ikipinda na umbo la panga, bila brashi wala rangi.

Kabla hujagusa kisu, tazama picha ujue linazunguka upande gani. Langu la kwanza lilitoka zuri kupita kiasi, limeng'aa kwa vanishi, na limepinda kinyume. Ndege hiyo ingerudi nyuma.

Naweza kununua boksi la Tiger Moth nikaligeuza kuwa Gipsy Moth?

Airfix, watengenezaji wa maboksi ya modeli, wana Tiger Moth ya 1/72 na ya 1/48, na inavutia kufikiri hivyo kwa sababu ni ndugu. Lakini Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1931, ina injini iliyopinduliwa, silinda zikielekea chini, kwa hiyo pua yote ni nyingine. Na bawa lake la juu lilisogezwa mbele na mabawa yakalazwa nyuma, ili aliyekaa kiti cha mbele aweze kutoka akiwa na parachuti. Ya Gipsy Moth yamenyooka. Utakachookoa ni mkia, magurudumu na sehemu ya kiwiliwili. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua. Ukishachoka kukata na kujaza, utaona kuanzia sifuri kulikuwa kurahisi.

Kwa kujaza nyufa: supagluu na poda ya watoto. Changanya kidogo kidogo, na ipige msasa ndani ya saa moja, kabla haijawa jiwe.

Vioo na saa za mbele ya rubani?

Plastiki angavu ya pakiti za vifaa vya simu. Igandishe kwa gundi nyeupe ya mbao, kamwe si supagluu, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Saa ziprinti ndogo kwenye karatasi ya picha, na juu ya kila moja dondosha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Basi.

Herufi za usajili niandike zipi?

Zilizokuwepo kweli, tafadhali. Ndege za Kenya za wakati huo zilianza na VP-K, za Tanganyika na VR-T, na za Uingereza na G. Tafuta picha ya ndege unayoitaka kabla ya kuamua, maana ukubwa wa herufi na rangi vilitofautiana. Stika za vinaili za wachora mabango ni nene mno kuachwa juu ya bawa (unene tena!). Zitumie kama kiziba rangi: bandika, puliza, bandua.

Nataka baipleni yenye historia ya Tanzania hasa. Ipi?

Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, walirusha ndege kutoka Mafia. Miongoni mwake zilikuwa baipleni za Henri Farman. Tarehe 11 Julai mwaka huo rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walielekeza kutoka angani mizinga ya meli za kivita za Kiingereza, Severn na Mersey, wakapigwa wakaanguka mtoni wakiwa bado wanatuma ishara, na Königsberg ikaishia hapo. Kwa historia hakuna inayoishinda. Kwa muundaji ni jinamizi: injini iko nyuma, mkia umeshikwa na fito na waya kama chandarua. Unda mbili tatu za kawaida kwanza.

Ya kati ni BE2c, iliyotumiwa na kikosi cha 26 cha Waingereza kilichofika mwaka 1916 na kuruka kutoka Mbuyuni, upande wa Taveta. Ina nguzo jozi mbili kila upande na panga boi la mikono minne, lakini kiwiliwili chake kinaundika.

Printa ya 3D si ingemaliza yote haya?

Ingemaliza silinda na magurudumu, na sina ugomvi na mwenye nayo. Ila bawa lililoprintiwa hurudi kwenye lile tatizo la ukingo, na utapiga msasa vile vile.

Nimemaliza, na baada ya miezi miwili waya zote zimelegea. Nimekosea nini?

Hujakosea. Upo pwani, na ni masika. Nailoni hunyonya unyevu wa hewa ikarefuka. Za kwangu zililegea mwezi Aprili hadi zikawa kama kamba ya kuanikia nguo, na Agosti zikakaza zenyewe kidogo.

Dawa yake ni kijiti cha udi. Kiwashe, kipulize kibaki kaa tu, kisha kipitishe chini ya waya bila kuugusa, kwa umbali wa upana wa kidole, ukitembea nacho kutoka ncha hadi ncha. Uzi unajikunja mbele ya macho yako na kukaza. Ukikaribia mno unakatika, nawe unaanza upya, kwa hiyo jizoeze kwanza kwenye kipande kilichofungwa kati ya misumari miwili. Nyumbani kwangu kazi hii naifanya Alhamisi jioni, siku ambayo mama watoto hufukiza udi wake hata hivyo, na hadi leo hajaniuliza mbona siku hizi pakiti inaisha upesi.